Ngozi ya Huw bin Ifan

Sura ya Nne

Fomu ilikuwa na mistari kumi na minne, na Rukiya alikuwa keshajaza kumi na mitatu kabla teksi haijaingia mtaa wa Mirdif. Jina la mfanyakazi: Edna Kasian. Uraia: Mtanzania. Kazi: mtumishi wa nyumbani. Mwajiri: Emyr Probert. Yote hayo alikuwa nayo ofisini. Uliobaki ni mstari wa mwisho, ule wa sababu ya kufuta viza, na huo aliuacha mweupe kwa makusudi.

Rukiya ni mtu wa Lamu, miaka ishirini na tisa, karani wa ofisi ya taiping kule International City, juu ya kinyozi. Hapo ndipo watu hupeleka makaratasi yao yachapwe: viza, mikataba, barua za kumwomba msamaha kafeel, yaani mwajiri mdhamini. Lakini Waswahili wa Dubai walimjua kwa kazi nyingine. Ukipoteza kitu, ukisingiziwa kitu, utaambiwa, "Mpelekee Rukiya." Ndiye aliyeitafuta pasipoti ya jamaa mmoja, Justus, iliyopotea wiki tatu, akaikuta ndani ya foronya ya Justus mwenyewe.

Madam Belinda, mke wa Probert, alimfungulia mlango mwenyewe. Mwanamke mrefu, mkavu, mkononi ana simu mbili. Moja yake. Ya pili ina kava la maua na kioo kimepasuka, na Rukiya hakuhitaji kuuliza ni ya nani.

"Umechelewa dakika sita," alisema madam. Waliongea Kiingereza, kama ilivyo kwenye nyumba hizi.

"Samahani, madam."

"Atasaini, kesho anapanda ndege. Sitaki polisi. Jumamosi nina wageni thelathini, sitaki gari la polisi getini."

"Sawa, madam. Umebaki mstari mmoja. Sababu."

"Andika wizi."

Rukiya aliibonyeza kalamu yake, ikalia tik, lakini hakuandika. "Nikiandika wizi, madam, chini yake lazima nieleze kimeibwa nini, kilikuwa wapi, na nani alikiona mwisho. La sivyo karatasi itarudi Jumatatu na Edna atakuwa bado yupo hapa."

"Jumatatu?"

"Inshallah Jumatatu. Pengine Alhamisi ijayo."

Madam aliangalia saa. Sharti hilo lilikuwepo kweli kwenye vitabu. Ila pale ofisini kwao hakuna karani aliyelifuata isipokuwa Rukiya, naye alilifuata siku anazotaka yeye.

"Nusu saa," alisema madam. "Yalla, anza na mume wangu."

*

Ofisi ya Sir Emyr ilikuwa chini, upande wa bustani. Yeye mwenyewe ni mzee wa miaka sitini na kitu, mhandisi wa mabomba ya maji, mikono kama makafi. Alikuwa amesimama mbele ya meza ndefu yenye kifuniko cha kioo kama mtu aliyefika msibani.

Chini ya kioo kulikuwa na ngozi. Ngozi hasa, ya kondoo, imekwanguliwa ikawa nyembamba, rangi ya chai ya maziwa, imejaa maandishi na vijingao vya rangi, alama za koo za wakubwa. Vipande vimeshonwa kimoja chini ya kingine kama mkeka.

"Hii ni nasaba ya babu yangu," alisema Sir Emyr. "Huw ap Ifan. Alikuwa na ardhi kaskazini mwa Welisi, miaka mia nne na arobaini iliyopita."

"Welisi ndiyo Uingereza?"

Mzee aligeuka kama aliyechomwa sindano. "Hapana! Si Uingereza kabisa."

"Nimekufahamu, sir," alisema Rukiya haraka. Ni kama kumwita Mpemba mtu wa bara. "Na hiyo ap ni nini?"

"Mwana wa. Enzi zile hatukuwa na majina ya ukoo. Huw mwana wa Ifan, mwana wa Gruffudd, unaendelea hivyo hivyo."

"Kumbe ni bin," alisema Rukiya. Akaandika kwenye daftari: Huw bin Ifan bin Gruffudd. Likakaa vizuri kwenye karatasi, kama jina la mtu wa mtaani kwao Langoni. "Alikuwa mtu wa namna gani huyu Huw?"

Hapo mzee akapata uhai. Akaeleza nyumba ya mawe yenye mabomba ya moshi manne, kondoo mpaka hulioni jani, kinu cha maji mtoni. Akaeleza kesi. Huw alimshtaki jirani yake kwa ajili ya mtego wa samaki, wakashtakiana miaka kumi na miwili, akaenda London mara tatu kwa farasi, mara ya tatu akashinda. Wiki aliyorudi, mto ukahama njia, mtego ukabaki mkavu.

Rukiya alicheka, na mzee naye akacheka kidogo, akakumbuka msiba wake.

"Alipopata mali," aliendelea, "aliajiri mshairi amwandikie nasaba. Ilikuwa kazi yao. Huyu amempeleka Huw mpaka kwa wafalme, kutoka kwa wafalme mpaka kwa Nabii Nuhu."

"Kwetu pia, sir. Mtu akijenga ghorofa ya pili, nasaba inarefuka."

Akainama juu ya kioo. Vipande vilikuwa vinne, lakini cha tatu na cha chini yake havikuendana: mistari myekundu ya kizazi ilishuka ikakatika ghafla, na iliyoanza chini haikuwa na mwanzo. Kilichokuwa kati ya hivyo viwili hakipo. Rukiya alitoa simu, akapiga picha, akaivuta kwa vidole viwili mpaka matundu ya sindano yakaonekana makubwa kama shimo la panya.

Uzi haukuchanwa. Ulikatwa kwa mkasi mdogo, tundu baada ya tundu. Na pale ncha zilipobaki, kila upande, mtu alikuwa amezifunga fundo ili mshono usiendelee kufumuka.

Mwizi gani, alijiuliza Rukiya, anakata kipande kimoja anaacha vinne, halafu anabaki kufunga mafundo?

"Kilichoondoka kimeandikwa nini, sir?"

"Ndoa ya Huw. Watoto wake." Alisema mbiombio, macho yako bustanini kwenye mpira wa kumwagilia maji unaozunguka.

"Na nani nyumba hii anaweza kukisoma?"

"Ni Kilatini na Kiwelisi cha zamani. Mimi tu. Na Dokta Lynette, mtaalamu. Anafika kesho, atalala hapa, na Jumamosi atawasomea wageni."

Madam alikuwa mlangoni muda wote. "Sioni haya yanahusu nini. Edna alisafisha humu Jumanne asubuhi. Jumanne jioni akatuma boksi Tanzania. Inahitaji akili gani?"

Rukiya akaandika: boksi, Jumanne jioni. Hilo lilikuwa na uzito, hakuweza kulipuuza.

*

Chumba cha Edna kilikuwa pembeni ya mashine za kufulia, kitanda kimoja na dirisha dogo kama la posta. Edna ni mtu wa Njombe, miaka thelathini na nne, mwanamke mwenye sauti ya kwaya. Alikuwa amekaa juu ya begi lililofungwa.

"Dada Rukiya, lete nisaini. Nimechoka."

"Utasaini nini? Unajua imeandikwa nini?"

"Si kurudi nyumbani? Nitarudi."

"Madam anataka iandikwe wizi."

Mashine ya kufulia ikazunguka, ikakoroma, ikasimama.

"Mimi wakiniita mwizi nitavumilia," alisema taratibu. "Nina ngozi ngumu. Lakini nina Serah, miaka minane. Kwetu ni kijiji, dada. Ataitwa mtoto wa mwizi shuleni, ataitwa mtoto wa mwizi kanisani, na siku akiolewa wakwe watasema tumemwoa mtoto wa yule mwizi wa Dubai. Hilo jina halitatoka. Litamfuata mpaka kwa wajukuu."

"Basi usisaini mpaka nikwambie. Tuanze na boksi."

Alimpigia Nickson wa kargo kwa video, akamwita madam aje asimame mlangoni aone mwenyewe. Kazi ikifanywa mbele ya mshtaki, hawezi kuikana kesho.

Uso wa Nickson ukajaa kioo, nyuma yake maboksi mpaka dari. "Rukiya wa makaratasi! Leo umenikumbuka, ama unataka kunitaiping ndoa?"

"Ndoa baadaye. Boksi la Edna Kasian limeondoka?"

"Bado, kontena linajaa Jumapili."

"Lifungue. Mwenyewe yupo hapa, anaruhusu. Toa kimoja kimoja, usiniruke kitu."

Wembe ulipita kwenye gundi. Nickson akatoa kama mnadi: mashuka mawili. Sabuni ya unga. Viatu vya shule, vyeusi, jozi mbili, moja kubwa ya mwakani. Sufuria. Mdoli, mkono mmoja hana. "Na hii hapa," akasema, akivuta bomba refu la karatasi ngumu lililolala ubavuni mwa boksi, limezibwa kwa plasta.

"Hiyo!" alisema madam. Akasogea mpaka akamgusa Rukiya bega. "Hiyo hapo. Nilisema."

Rukiya alimtazama Edna. Edna alikuwa ameinamisha macho, na kwa mara ya kwanza Rukiya aliingiwa na shaka.

"Fungua, Nickson. Polepole."

Nickson akatoa plasta, akakung'uta. Kikatoka kitu kimekunjwa, akakikunjua mbele ya kamera kwa mikono yote miwili, simu ikayumba. Ilikuwa ramani ya dunia, ya kubandika ukutani. Njombe ilikuwa imezungushiwa duara la wino mwekundu, na Dubai duara jingine, na katikati mstari.

"Ni ya Serah," alisema Edna. "Ananiulizaga niko mbali kiasi gani. Niliona aibu tu, maana mstari nimeupindisha."

Madam aliondoka. Viatu vyake vilisikika mpaka sebuleni.

"Lifunge vizuri, Nickson. Shukran."

"Na ile ndoa?"

Rukiya alikata simu. Boksi limekwisha, khalas. Akakaa sakafuni, daftari mapajani.

"Sasa Edna, niambie jambo moja. Kabla madam hajaanza kelele, kuna mtu alikuuliza chochote?"

"Sir. Jumatano asubuhi sana, nilikuwa napiga pasi. Alikuja kwa upole, akaniuliza, Edna, nani alitandika chumba cha wageni? Nikamwambia ni mimi, jana mchana. Akasema, hukuona kitu? Nikamuuliza, kitu gani, sir? Akasema hamna, akaenda zake. Saa nne ndipo madam akagundua kule ofisini."

Kalamu ya Rukiya ilisimama. "Chumba cha wageni kiko wapi?"

"Juu, mwisho wa korido."

"Na kitu kimepotea ofisini, chini."

"Ndiyo."

"Ulikitandika peke yako?"

"Godoro lile zito kama ng'ombe. Nilimwita Mzee Taib wa jikoni tuligeuze. Nikamwacha mara moja nikachukue shuka, niliporudi alikuwa kashaligeuza peke yake, anatokwa jasho. Nikamwambia mzee utavunja mgongo. Hakunijibu hata."

Rukiya alifunga daftari. "Njaa inaniuma," alisema. "Jikoni wapi?"

*

Mzee Taib ni Mzanzibari wa Mji Mkongwe, kapika Dubai miaka thelathini, nyumba tano tofauti. Kumwona mtoto wa pwani jikoni kwake hakungoja kuambiwa.

"Karibu mwanangu, karibu. Kaa. Mtu hatoki jikoni kwa Taib mikono mitupu."

Akampakulia wali na mchuzi wa samaki, na ndimu pembeni. Rukiya alimega tonge, akatafuna, akasita. Akamega jingine. Samaki mzuri, nazi nzito, bizari imekaa. Chumvi hakuna. Si kidogo. Hakuna kabisa.

"Mzee Taib, mchuzi huu umesahau kitu."

"Chumvi mbaya, mwanangu. Presha."

"Ya nani?"

"Ya watu wote."

Rukiya alizungusha macho bila kuzungusha kichwa. Karibu na dirisha chetezo kilikuwa kinatoa moshi wa udi, saa saba mchana, hakuna mgeni wala harusi. Juu ya friji, mbali na mkono wa mtu, palikuwa na chupa kubwa ya mdomo mpana imejaa chumvi ya mawe mpaka shingoni. Kifuniko kimefungwa kwa kitambaa cheupe, mafundo matatu. Mpishi mwenye chumvi ya kulisha harusi, na mchuzi wake chapwa.

Pale pale akamkumbuka bibi yake. Bibi alikuwa akiokota kitu kizingitini, kitu asichokijua, hakichomi moto wala hakitupi. Hukitia chumvini kikae mpaka Ijumaa, apelekewe mwenye kujua.

"Mzee Taib," alisema taratibu, akiosha vidole, "umekitia lini?"

"Kitu gani?"

"Mimi mtu wa Lamu. Bibi yangu alikuwa na chupa kama ile."

Mzee alitazama mlango. Akausukuma ukafungika. Akaketi, akajifuta uso kwa taulo la vyombo.

"Jumanne," alinong'ona. "Chini ya godoro la wageni. Nimeinua, nikakiona. Kitambaa chekundu, mwanangu, kimefungwa uzi mkuukuu. Nikakifungua kidogo. Ngozi! Ngozi ya mnyama, ina maandishi si Kiarabu si Kizungu. Na picha. Vichwa vitatu vya watu vimekatwa shingoni, vina ndevu!"

"La haula."

"Nikasema hii hirizi, na hirizi yenyewe si ya kheri. Nikaifunga upesi Edna asiione, maana mimi nilidhani yeye ndiye aliyewekewa. Kesho baada ya sala naipeleka Deira kwa sheikh."

"Na Edna anaitwa mwizi siku mbili, wewe umenyamaza?"

Mzee Taib alimkodolea macho ya mtu asiye na hatia hata chembe. "Wamesema imeibwa karatasi ya historia, ofisini. Nilichookota mimi si karatasi, na si ofisini. Tena ndiyo nikazidi kuamini! Nikasema unaona, haijatimia siku, ishaingiza fitina nyumbani."

Rukiya aliuma mdomo kwa ndani asicheke. Kicheko pale kingekuwa dhambi. Kila neno la mzee lilikuwa kweli.

"Usiifungue," alisema. "Nikikuita, ije na chupa yake."

*

Sir Emyr alikuwa bado ofisini. Rukiya aliuvuta mlango nyuma yake, akaweka fomu juu ya kioo, mstari wa kumi na nne ukimtazama mzee.

"Sir, nisaidie hapa. Mwizi angebeba chote, au angechana. Huyu amekata kwa mkasi akafunga mafundo kilichobaki kisiharibike. Anakipenda. Na katika vipande vitano amechagua kimoja, kwa hiyo anajua kusoma. Wewe umesema anayesoma nyumba hii ni mmoja."

Mzee aliisogeza fomu kidogo pembeni.

"Na Jumatano asubuhi, kabla hata haijajulikana kuna kitu kimepotea, umemuuliza Edna habari za chumba cha wageni. Kitu cha chini, sir, kwa nini ukitafute juu?"

Mpira wa maji nje ukazunguka mara nne, mara tano. Halafu mzee alivuta kiti akakaa, na alipokaa alionekana mdogo.

"Nilitaka kukirudisha Jumapili," alisema. "Wageni wakishaondoka. Belinda amewaambia wote kwamba tunatokana na Huw na mkewe, Lady Catrin, binti wa nyumba kubwa. Ametengeneza sahani zenye ngao ya Catrin. Na Dokta Lynette angekisoma mbele ya watu thelathini."

"Angesoma nini?"

"Kwamba Catrin hakuwa na mtoto."

Rukiya aliitazama tena ile mistari myekundu iliyokatika.

"Nilikificha chini ya godoro kwa kuwa chumba hakina mtu. Nilisahau kwamba kitatandikwa. Jumatano nikakuta hakipo. Nikaamini kweli amekichukua yeye."

"Uliamini amekiokota juu, ukaacha aitwe mwizi wa huku chini."

"Siku ya kwanza nilisema nitaongea kesho," alisema mzee. "Kesho ilipofika ilikuwa ngumu zaidi."

"Edna anasafiri kesho, sir. Hakuna kesho nyingine." Rukiya aliichukua fomu. "Kipo. Ni kizima. Lakini mbele ya madam utakisoma wewe. Mimi Kiwelisi sijui."

*

Walikutana meza ya kulia chakula, watu watano. Madam kichwani mwa meza. Edna amesimama karibu na mlango, kwa mazoea. Mzee Taib aliingia amekumbatia chupa, midomo inasoma kimyakimya, akaiweka katikati ya zile sahani mpya zenye ngao.

"Hii nini?" alisema madam. "Chumvi?"

"Fungua, mzee," alisema Rukiya.

Mafundo matatu. Mzee Taib alizamisha mkono mpaka kifundoni, chumvi ikamwagika mezani kama mvua ya mawe, akatoa kifurushi chekundu akakiweka chini upesi, kama kaa la moto.

"Chumvi!" Sir Emyr alikuwa keshakirukia. "Miaka mia nne, umekitia chumvini!"

"Ngozi na chumvi ni jamaa, sir," alisema Mzee Taib kwa heshima. "Hata machinjioni."

Kilipofunguliwa kilikuwa kikavu, kimenyooka, hata wino haukuhama. Ndani ya kijingao, vichwa vitatu vyenye ndevu viliwatazama wote. Mzee Taib akatazama pembeni.

"Kilikuwa chini ya godoro la wageni," alisema Rukiya. "Mzee Taib alikiokota akidhani ni uchawi. Aliyekiweka pale atasema mwenyewe."

Madam aligeuza kichwa polepole kumtazama mumewe. Alikuwa mwanamke mwerevu, hakuhitaji kuambiwa mara mbili. "Emyr?"

Basi mzee akasema. Hakujitetea. Halafu akaweka kidole chini ya mstari mwekundu, akasoma neno moja moja, akigeuza kwa Kiingereza, na sauti yake ikabadilika, ikawa kama ya mtu anayesoma hadharani kwa mara ya kwanza tangu shule.

"Huw ap Ifan alimwoa Catrin, na hawakujaliwa. Robert, mwana wa Huw, kwa Gwenno binti Dafydd, mkamua maziwa na mtumishi wa nyumba yake. Huw alimkubali mbele ya mashahidi, akampa kinu cha mto na ardhi yake." Akanyanyua uso. "Ap Robert. Ndiyo Probert, Belinda. Jina lililoko getini. Pasingekuwa na mtoto wa mtumishi, tusingekuwa na jina kabisa."

Hakuna aliyemtazama Edna, na kwa sababu hiyo wote walijua yuko wapi.

Madam alichukua sahani moja, akaitazama ngao ya Catrin, akaigeuza kifudifudi. Akafanya hivyo na ya pili. Alipoishika ya tatu akaacha.

"Basi," alisema. "Khalas. Imepatikana. Edna, rudi kazini, tutasahau yote haya."

Edna hakusogea.

"Simu yangu kwanza, madam."

Ilitoka mfukoni mwa madam, kava la maua na kioo kilichopasuka, ikapita mkono kwa mkono juu ya chumvi iliyomwagika. Edna aliifuta kwa kanga yake. Halafu akamgeukia Sir Emyr.

"Sir, huyo Gwenno. Wameandika na jina la baba yake?"

"Ndiyo. Binti Dafydd."

"Mkamua maziwa."

"Mkamua maziwa, ndiyo."

Edna alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyesikia bei ya haki. Akamwambia Rukiya kwa Kiswahili, "Dada, ile karatasi yako ina nafasi bado?"

"Mstari wa kumi na nne."

"Basi andika. Andika kwa Kiingereza waelewe, na uandike chini kwa Kiswahili Serah asome. Edna binti Kasian hakuiba. Halafu wasaini wao."

Rukiya alikikata kwa mistari miwili kichwa cha fomu, kile cha kufuta viza, akashuka mpaka chini, akaandika. Kalamu ilikwenda bila kusita. Akaisukuma mezani mbele ya Sir Emyr, naye akasaini mara moja, mkono mzito. Akampa mkewe kalamu.

Madam Belinda alisoma mstari ule muda mrefu kuliko urefu wake. Kalamu ikalia tik. Akasaini.

"Na shahidi," alisema Rukiya. "Mzee Taib."

Mzee Taib alijipangusa chumvi kwenye koti la upishi, akasaini kwa herufi za Kiarabu, taratibu, mpaka nukta ya mwisho. Edna aliipiga picha karatasi kwa simu yake iliyopasuka, akaangalia kama inasomeka, akaituma Njombe. Akasubiri zile alama mbili za kuonyesha imefika zitokee. Zilipotokea, akaiweka simu mfukoni.

"Mzee Taib," alisema, akizoa chumvi mezani kwa kiganja, "ule mchuzi wako chapwa bado uko motoni?"